Akinunue au Akiache: Mapitio ya Vitabu Vipya kwa Msomaji wa Kawaida

Mapitio mengi ya vitabu vya Kiswahili yanayotoka mtandaoni yameandikwa kana kwamba msomaji ana mtihani kesho asubuhi. Yanaanza na dhamira kuu, yanashuka kwenye dhamira ndogo ndogo, yanapanga wahusika mmoja mmoja, halafu mandhari, tamathali za semi, na mwisho kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Darasani hiyo ni kazi halali. Lakini mwenye duka anayefunga hesabu saa tatu usiku na kutaka riwaya ya kusoma kitandani, au fundi anayetaka kujua kama tawasifu mpya ya kiongozi fulani ina jambo lisilojulikana, hana haja ya fani wala maudhui. Ana swali moja tu: nikitoa pesa yangu na jioni zangu za wiki nzima, kitabu hiki kitanipa nini?

Swali hilo linastahili jibu la kweli, nalo hupatikana kwa kumwonyesha msomaji kitabu chenyewe ili aamue mwenyewe. Maoni yako yaje yakiwa yamebebwa na ushahidi. Yakija peke yake, msomaji hana namna ya kujua kama ladha yako na yake zinakutana.

Kabla ya sura ya kwanza

Anzia ukurasa ambao wengi huuruka, ule wa hakimiliki, nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Nakili jina kamili la kitabu, jina la mwandishi kama lilivyochapwa, mfasiri kama yupo, mchapishaji na mji wake, mwaka, na namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Tangu Januari 2007 namba hiyo ina tarakimu 13, na vitabu vyetu huanza na 978. Tarakimu zinazofuata zinaonyesha namba ilitolewa wapi: 9966 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania, 9970 ni Uganda. Ukikuta kitabu kinachotangazwa kuwa kipya kina ISBN ya tarakimu 10 peke yake, kaa macho. Huenda kilipangwa kabla ya 2007 na sasa kimevalishwa jalada jingine. Angalia pia kama imeandikwa chapa au toleo. Chapa mpya ni nakala zaidi za kitabu kilekile, na toleo jipya huwa limebadilishwa ndani. Mwenye nakala ya zamani nyumbani anataka kujua hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Tarehe hizi si mapambo. Peponi ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota. Kwa Kiingereza riwaya hiyo ilikuwa sokoni tangu 1994. Anayeiita riwaya mpya na kuishia hapo anamfanya msomaji aamini kwamba imeandikwa baada ya tuzo. Na anayeacha jina la mfasiri anafuta kazi ya mtu aliyechagua kila neno la Kiswahili lililomo ndani.

Pitisha kurasa zote kwa kidole kabla ya kusoma. Vitabu hukunjwa na kufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na kiwandani fungu zima linaweza kurukwa au kuingizwa mara mbili. Ukitoka ukurasa wa 48 ukajikuta wa 65, hilo ni kosa la ufungaji. Rudisha nakala, omba nyingine. Kuna mapitio yanayomlaumu mwandishi kwa kuruka tukio muhimu, kumbe tukio lilibaki mtamboni.

Maandishi ya jalada la nyuma yasome mwisho kabisa. Ni tangazo la biashara, na ukiyasoma mwanzo yatakuchagulia maneno bila wewe kujua. Nimeshaona sentensi moja ya jalada ikizunguka kwenye mapitio ya watu wanne tofauti, kila mmoja akiiandika kama yake.

Kusoma ukiwa na penseli

Kusoma kwa kuhakiki ni polepole. Kwa riwaya ya kawaida hesabu kurasa 25 hadi 30 kwa saa ukiwa unaweka alama, kwa hiyo kitabu cha kurasa 300 kitakula saa kumi hadi kumi na mbili kabla hujaandika hata mstari. Anayeahidi mapitio siku mbili baada ya kupokea kitabu, huku ana kazi nyingine ya kutwa, ataishia kusoma juu juu.

Alama zisizidi tatu, la sivyo hutazielewa baadaye: mstari pembeni kwa kifungu kinachoweza kunukuliwa, msalaba kwa jambo unalolitilia shaka, alama ya kuuliza kwa usichokielewa. Namba za kurasa ziandike kwenye karatasi moja inayokaa ndani ya kitabu. Kila sura ikiisha, andika sentensi mbili papo hapo kabla hujafungua inayofuata: nini kimetokea, na hamu yako ya kuendelea imepanda au imeshuka. Sentensi ya pili ndiyo itakayokusaidia zaidi. Ukishamaliza kitabu, akili hupanga upya kila kitu ili kifanane na mwisho. Utajikuta ukisema kitabu chote kilikuchosha kwa sababu tu kurasa ishirini za mwisho zilikuchosha.

Ukifika robo ya kitabu, simama uandike unadhani kinaelekea wapi. Ukishamaliza, rudi usome sura ya kwanza na ya mwisho tena, pamoja na kila ukurasa wenye msalaba. Alama nyingi za kuuliza zitajifuta zenyewe katika usomaji huo. Zile zitakazobaki ndizo za kuandikia.

Kitabu kikikushinda, una njia mbili za haki: usikiandikie, au useme wazi umeishia ukurasa gani na kwa nini. Kuhakiki kwa kubahatisha mwisho ni kumwibia mwandishi na msomaji kwa pamoja.

Riwaya na hadithi fupi

Kosa kubwa kuliko yote ni kusimulia kisa kizima. Muhtasari usivuke robo ya kwanza ya kitabu, na maneno 120 yanatosha: nani, wapi, lini, anataka nini, nini kimemzuia. Tukio ambalo mwandishi amelificha hadi katikati ya kitabu alilificha kwa makusudi, na msomaji anayelipa ana haki ya kulikuta mwenyewe. Je, mwisho ukiwa mbaya? Unaweza kuusema bila kuufichua. "Mwisho unategemea sadfa mbili ndani ya kurasa kumi" inamwambia msomaji kila kitu bila kumtajia nani amekutana na nani.

Swali la kwanza kwa riwaya ni mwandishi alikuwa anajaribu kufanya nini. Kipimo kimoja hakitoshi kwa vitabu vyote, hata vya mtu mmoja. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ambayo mtu anaifuata hatua kwa hatua kama maisha ya jirani yake. Miaka karibu ishirini baadaye akatoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba vinavyokwenda kwa ndoto, mafumbo na falsafa. Ukizipima hizi mbili za mwisho kwa rula ya uhalisia, utaandika kwamba kisa hakieleweki na wahusika hawana umbo, na utakuwa umesema kweli isiyo na maana yoyote. Kazi yako ni kumwambia msomaji: hapa hakuna kisa cha kufuata, kuna fikra za kutafunwa, na ukurasa mmoja unaweza kukuchukua muda wa kurasa kumi. Wapo wanaokitafuta kitabu cha aina hiyo, na wapo ambao watakushukuru kwa kuwaonya.

Baada ya hapo sikiliza mazungumzo. Funika majina ya wasemaji katika ukurasa wenye majibizano marefu, kisha usome. Ukiweza kujua nani anasema bila jina, mwandishi amefanya kazi. Kama mchuuzi wa Kariakoo, hakimu na mtoto wa miaka tisa wote wanasema kwa sentensi ndefu zenye "ilhali" na "aidha", hayo ni mazungumzo ya mwandishi na nafsi yake, na inafaa uyataje kwa namba ya ukurasa. Kinyume chake, usimhesabie mhusika makosa ya sarufi. Mzee wa Lamu, kijana wa Nairobi anayesema Sheng na mama wa Lubumbashi kila mmoja ana Kiswahili chake, na riwaya inayowaacha waseme kama wanavyosema imewaheshimu. Linalomhusu msomaji ni kama atafuata bila kukwama, na kama kuna sherehe, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake, nyuma ya kitabu.

Halafu tafuta mahali mwendo ulipolegea. Zile sentensi ulizoandika baada ya kila sura zitakuonyesha sura yenyewe. Rudi uangalie sababu. Katika riwaya zetu sababu ya kawaida ni mahubiri. Mhusika anafanya jambo, tunaliona, linatuuma, na mara msimulizi anasimama kutufafanulia jambo hilo linatufundisha nini kuhusu ufisadi au malezi. Sababu ya pili ni mhusika anayeletwa kwa historia ya ukurasa mzima kisha harudi tena. Ya tatu ni kurukaruka kwa wakati bila alama yoyote, hadi msomaji hajui kama yuko kabla ya harusi au baada yake.

Tuchukue mfano wa kubuni, riwaya isiyokuwepo duka lolote: nahodha wa jahazi la Tanga na Pemba amekatazwa na daktari kwenda baharini, naye hataki mtu ajue. Mapitio dhaifu yatasema, "Mwandishi ametumia lugha nyepesi na yenye mvuto, na amefaulu kuonyesha maisha halisi ya watu wa pwani." Bandika sentensi hiyo kwenye vitabu mia, hakuna atakayelalamika. Mapitio yenye kazi yatasema hivi: "Katika sura tatu za mwanzo nahodha hatamki neno kuhusu maradhi yake. Tunayajua kwa sababu mkewe ameanza kumbebea ndoo, na kwa sababu vijana wa jahazini wameacha kumtania. Kuanzia sura ya saba mwandishi anaacha kutuamini. Kila tendo linafuatwa na aya ya kulieleza." Maneno hayajafika hamsini, na msomaji ameshapata kisa, uzuri wa kitabu na kasoro yake, vyote kwa ushahidi anaoweza kwenda kuukagua. Anayependa vitabu vinavyomwachia nafasi ya kuwaza anajua atafurahi hadi sura ya sita.

Kipimo ninachokitegemea kuliko vyote ni hicho: sentensi yoyote inayoweza kuhamia kwenye mapitio ya kitabu kingine bila kubadilishwa, ifutwe.

Kwa mkusanyiko wa hadithi fupi usihakiki kila hadithi. Chagua tatu: iliyo bora, iliyo dhaifu, na moja inayowakilisha mwenendo wa kitabu kizima. Taja zipo ngapi na zina urefu gani, maana wengi hununua mikusanyiko kwa ajili ya safari ya basi.

Vitabu visivyo vya kubuni

Hapa ndipo uhakiki wetu ulipo dhaifu zaidi, na ndipo madhara yalipo makubwa. Riwaya mbaya inampotezea mtu jioni zake. Kitabu kibaya cha biashara au afya kinaweza kumpotezea akiba au kumwumiza.

Anza nyuma ya kitabu. Je, kuna marejeo? Kuna tanbihi? Kuna faharasa? Kitabu cha historia cha kurasa 400 kisicho na faharasa kitamsumbua kila anayetaka kurudi kutafuta jina moja, na hilo ni jambo la kutajwa hata kama kitabu ni kizuri. Kisha chagua madai matano yanayoweza kukaguliwa, ukiyatoa sehemu mbalimbali za kitabu, na uyakague kweli. Chagua yale ambayo hoja imeyaegemea, kwa sababu tarehe ya pembeni ikikosewa ni kosa dogo, lakini nguzo ikikosewa nyumba nzima ina shida.

Kwa historia ya kisasa ya Tanzania na Kenya zipo sehemu chache ambazo waandishi wenye haraka hujikwaa mara kwa mara. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Siku ya uhuru Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Alijiuzulu Januari 1962, Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo, na urais ukaja na jamhuri. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na mapinduzi yalikuwa 12 Januari 1964. Muungano ni wa 26 Aprili 1964, lakini jina Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba mwaka huohuo. Mwandishi anayeweka jina hilo kwenye barua rasmi ya Mei 1964 ama amekosea ama amebadilisha hati bila kusema. Kenya nayo ina jozi yake: uhuru 12 Desemba 1963 Kenyatta akiwa Waziri Mkuu, jamhuri 12 Desemba 1964 akiwa Rais. Ukimkuta mwandishi amechanganya mambo haya, ongeza madai unayoyakagua kutoka matano hadi kumi na tano.

Wasifu na tawasifu zina kipimo chepesi ambacho watu hawakitumii vya kutosha. Chukua orodha ya yaliyomo, hesabu kurasa zilizotolewa kwa kila kipindi cha maisha. Kiongozi aliyeshika wizara kwa miaka kumi, akatumia kurasa 90 kwa utoto wake na kurasa 4 kwa miaka ile ambayo kila mtu anaiuliza, amesema jambo kwa ukimya wake. Ziweke hesabu hizo mbili kwenye mapitio bila kuongeza ukali. Angalia pia nani amenukuliwa na nani hakuulizwa, na kama shukrani za mwanzo zinataja mtu aliyemsaidia kuandika. Msomaji anafaidika kujua kama sauti anayoisikia ni ya mwenye maisha au ya mwandishi aliyemrekodi.

Sasa vitabu vya kufundisha kazi, ambavyo kwa Kiswahili vinatoka kwa wingi, vingi vikichapishwa kwa pesa za mwandishi mwenyewe. Fanya hesabu zake upya, moja baada ya nyingine. Tuseme kitabu kinafundisha ufugaji wa kuku wa mayai na kina jedwali la faida kwa kuku 100. Kuku wa mayai wa kisasa aliyekomaa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kuku 100 wanamaliza kilo 11 hadi 12, yaani mfuko wa kilo 50 unaisha siku ya tano. Kwa mwezi ni mifuko saba hivi. Je, jedwali lina mifuko mingapi? Kuku hao huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20, kwa hiyo kuna karibu miezi mitano ya kulisha bila kuokota yai. Je, gharama ya miezi hiyo imo, au hesabu inaanzia siku ya trei ya kwanza? Na kundi halitagi yai moja kwa kila kuku kila siku. Kilele kikifika asilimia 90 mfugaji anashukuru, kisha utagaji unashuka kadiri kuku wanavyozeeka. Jedwali linaloandika mayai 100 kwa siku kwa mwaka mzima limejenga faida ambayo haipo. Mwisho tafuta chanjo za magonjwa ya kuku: ya mdondo (kideri) imetajwa? Kurudiwa kwake kumetajwa? Ya gumboro je? Kitabu cha kuku kinachopita haraka kwenye mdondo kitamfikisha msomaji asubuhi moja kwenye banda lenye mizoga, na hapo jalada zuri halitamsaidia kitu.

Usipojua kuku, mtafute anayejua na umwombe asome kurasa thelathini zenye namba. Mtaje katika mapitio kwa kazi yake kama ameridhia. Mhakiki si lazima awe bingwa wa kila jambo, ila hana ruhusa ya kusifu namba asizozikagua.

Vitabu vya hamasa nivipitie kwa kifupi. Vingi vina mkanda uleule: tajiri wa nchi ya mbali aliyeanza bila senti, bila chanzo, bila mwaka. Uliza mambo mawili. Kwanza, visa hivyo vina mahali pa kukaguliwa? Pili, msomaji akifunga kitabu Jumapili usiku, Jumatatu asubuhi atafanya nini ambacho hakukijua Ijumaa? Jibu la pili likikosekana, sema hivyo.

Tafsiri

Soma ukurasa mmoja kwa sauti. Tafsiri iliyobeba mpangilio wa lugha nyingine hukata pumzi mahali pasipofaa. Kagua saa, maana ndizo hufichua uzembe haraka: mhusika anayeamka "saa saba" huku jua linachomoza amefasiriwa bila mtu kufikiri. Kagua pia mazungumzo kati ya mwanamume na mwanamke, kwa kuwa viambishi vyetu havionyeshi jinsia. Mfasiri mzuri huweka jina au cheo pale msomaji atakapopotea, na mzembe huacha watu wawili wawe "a-" na "a-" kwa ukurasa mzima. Usiandike kwamba tafsiri ni sahihi kama hukuilinganisha na kitabu cha asili. Unachoweza kusema ni kwamba inasomeka vizuri, na hilo lenyewe ni habari muhimu.

Kuandika

Maneno 700 hadi 900 yanatosha kwa kitabu kimoja. Katika aya ya kwanza msomaji ajue kitabu ni cha aina gani, kinahusu nini, na wewe umesimama wapi. Msimamo usifichwe hadi mwisho. Wengi husoma kwa simu na huishia aya ya tatu. Muhtasari uwe mfupi kama nilivyosema, kisha ushahidi, ambao uchukue zaidi ya nusu ya makala.

Nukuu mbili au tatu za kitabu chenyewe hazina mbadala. Kila moja iwe ya maneno 40 hadi 60, si zaidi, pamoja na namba ya ukurasa, na uiache kama ilivyochapwa hata kama ina kosa. Kunukuu kwa kiasi kwa ajili ya uhakiki kunakubalika kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kwa mfano, inaruhusu matumizi ya haki kwa uhakiki na mapitio mradi chanzo kitajwe. Kupiga picha sura nzima na kuibandika ni jambo jingine kabisa. Kama ulipewa faili la awali kabla ya kitabu kuchapwa, linganisha kila nukuu na nakala iliyotoka mtamboni. Mhariri huenda alishairekebisha sentensi ile unayoilaumu.

Kwa makosa ya chapa usiseme "makosa ni mengi". Chagua kurasa 20 kutoka sehemu tatu tofauti, hesabu, na uandike ulichokipata. Kosa moja kwa kurasa ishirini ni jambo la kawaida. Makosa mawili kila ukurasa yanakatiza usomaji, na msomaji anastahili kuambiwa. Lawama hiyo ielekeze kwa uhariri, maana mwandishi hapaswi kuwa msomaji wa mwisho wa prufu zake, yaani kurasa za kusahihishwa kabla ya kuchapwa.

Hukumu isiishie kwenye nyota. Nyota nne kwa kitabu cha mapishi na nyota nne kwa riwaya ya vita hazilingani kwa lolote. Andika kitabu kinamfaa nani na hakimfai nani. "Kinafaa kwa rika zote" karibu kila mara si kweli. Mzazi anayenunulia mtoto wa darasa la sita anahitaji kujua kama kuna ubakaji sura ya nne, na kujua hilo hakumharibii mtu kisa.

Dunia ya vitabu vya Kiswahili ni ndogo. Utamhakiki mtu mliyekaa naye kwenye uzinduzi, mtu wa kundi lenu la WhatsApp, mwalimu wako wa zamani. Njia ni kusema mstari mmoja mwanzoni: nakala nimepewa na mchapishaji, au mwandishi tunafahamiana. Kama ni ndugu au rafiki wa karibu, mwachie mwingine. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa hakumsaidii, kwa sababu msomaji aliyedanganywa mara moja hanunui kitabu chake cha pili, na wala hasomi mapitio yako ya tatu. Kwa upande mwingine, ukali upime kwa ukubwa wa jambo. Mwandishi wa kitabu cha kwanza na mwandishi mwenye tuzo na nyumba ya uchapishaji nyuma yake hawahitaji sauti moja. Kasoro ya kitabu iseme kama kasoro ya kitabu: "sura ya tano haina chanzo hata kimoja" ni hoja, "mwandishi ni mvivu" ni ugomvi.

Chini kabisa weka mambo ya mnunuzi: idadi ya kurasa, jalada gumu au laini, bei uliyoikuta na tarehe uliyoikuta, kinapatikana mji gani, kama kuna nakala ya kielektroniki, na ukubwa wa herufi kama ni ndogo kupita kawaida. Wasomaji wa umri mkubwa huliuliza hilo mara kwa mara, nao ni wanunuzi wazuri.

Mtu akikuonyesha kosa kwenye makala yako, sahihisha, na uweke taarifa ya sahihisho juu ya makala pamoja na tarehe. Usibadilishe kimyakimya. Na mchapishaji akitoa chapa au toleo lililorekebisha kasoro ulizozitaja, ongeza mstari unaosema hivyo na mwaka wake, maana atakayeifikia makala yako miaka miwili baadaye atakuta dukani kitabu hicho kilichorekebishwa, si kile ulichosoma wewe.